Namna ya Kuwa Mshenga kati ya Kampuni na Watumiaji wa Bidhaa Zake

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi, mtu anayesimama katikati ya wawili huanza kazi akiwa na deni ambalo hakulikopa yeye. Wakulima wa korosho wameishi kwa miaka mingi na kangomba, yaani mnunuzi anayepita nyumba kwa nyumba nje ya utaratibu rasmi, akipima korosho kwa chombo chake mwenyewe na kulipa bei aitakayo yeye, hasa anapojua kwamba mwenye shamba ana mgonjwa ndani au mtoto anayesubiri ada. Mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima kuweka korosho zake ghalani kwa risiti ili ziuzwe kwa utaratibu rasmi, ulianza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, na msimu wa 2018/19, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima walihakikiwa kwa ukali ili walanguzi wasilipwe. Hata hivyo neno kangomba halijatoka vinywani mwa watu. Kwa hiyo kijana anayeingia Tandahimba au Ruangwa akiwa na begi lenye nembo ya kampuni, akasema amekuja kuwaunganisha wakulima na wataalamu, asishangae akitazamwa kwa jicho la pembeni.

Yupo, hata hivyo, mtu mwingine wa katikati ambaye jamii zetu zinamheshimu, naye ni mshenga. Mshenga hupeleka posa akifahamika na pande zote mbili, kila mmoja akijua ametumwa na nani. Hurudisha jibu kama lilivyotolewa, hata likiwa la kukataliwa. Na ndoa ikifungwa hahamii ndani ya nyumba ya watu, ingawa huitwa tena ugomvi unapozuka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayetaka kufanya kazi ya namna hiyo kati ya kampuni na watu wanaotumia bidhaa zake, awe afisa ugani, katibu wa chama cha msingi, wakala wa pembejeo, fundi, mratibu wa asasi au mwajiriwa wa kampuni yenyewe. Mifano mingi nimeichukua kwenye mashine za kupulizia mikorosho, kwa kuwa ndizo nilizozifanyia kazi kwa misimu kadhaa, na michache kwenye kilimo cha mwani.

Ujue mzigo unaoubeba

Kampuni inayotengeneza au kuingiza mashine inajua mambo ambayo mkulima hayajui: uwezo wa injini, aina ya plastiki ya tangi, gharama ya kubadili kifaa kimoja, masharti ya viwango. Mkulima naye anajua mambo ambayo kampuni haiyajui, na mengi kati ya hayo hajawahi kuyatamka kwa sababu yamo mikononi mwake: jinsi unga wa salfa, dawa inayopulizwa kwenye mikorosho, unavyoganda tangini kukiwa na unyevu, mahali pa kusimama upepo ukigeuka, mkorosho upi uanze na upi ungoje. Eric von Hippel, profesa wa MIT nchini Marekani, alianza kuchunguza jambo hili katika miaka ya 1970 kwa kufuatilia vifaa vya maabara, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maboresho muhimu ya vifaa hivyo ilibuniwa na kujaribiwa kwanza na wanasayansi waliovitumia, wala si na viwanda vilivyoviuza. Baadaye alieleza kwamba maarifa hunata pale yalipozaliwa, na kuyabandua ili kuyahamishia kwingine kuna gharama. Mtu wa kati ndiye anayeibeba gharama hiyo, na asipoibeba, pande mbili zitaendelea kupishana kwa miaka huku kila mmoja akidhani mwenzake ni mkaidi.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu ulio karibu zaidi. Majaribio ya M-Pesa yalipoanza Kenya mwaka 2005, huduma ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu. Wakopaji wakaigeuza: walitumiana fedha, wakalipiana marejesho, na wengine wakaweka fedha kwenye simu mwanzo wa safari na kuzitoa mwisho wake ili wasiibiwe njiani. Waliokuwa wakifuatilia majaribio hayo wangeweza kuyaita matumizi mabaya na kuandika kwamba wateja wanahitaji elimu. Badala yake waliyaandika kama yalivyo, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikaegemea zaidi kutuma fedha nyumbani. Tanzania ikaipokea mwaka uliofuata. Kila mara unapomkuta mtumiaji anafanya kinyume na kitabu cha maelekezo, jizuie kumsahihisha mpaka umeelewa anachokitafuta, kwa sababu hapo ndipo utakapojua kama umekuta kosa au umekuta ugunduzi.

Taja anayekulipa kabla hujaulizwa

Siku ya kwanza kijijini, kabla hujaeleza bidhaa na kabla hujasifu mazao ya mwaka huo, sema kwa sentensi moja nani anakulipa, unalipwa kwa mwezi au kwa kila mashine inayouzwa, na kazi yako inaisha lini. Mwajiriwa wa kampuni aseme hivyo. Anayelipwa na mradi autaje mradi na tarehe ya kumalizika. Anayejitolea aeleze anapata wapi nauli, kwa sababu watu watajiuliza tu. Nimewahi kuona mkutano mzima ukilegea, mabega yakashuka na maswali yakaanza kutoka, mara tu mratibu aliposema wazi kwamba yeye hupata kamisheni. Kilichokuwa kinawasumbua watu ni kutojua anakula nini. Kamisheni yenyewe hawakuwa na neno nayo.

Jambo hilohilo lifanyike upande wa kampuni. Mwambie meneja kwa maandishi kwamba utaleta malalamiko kama yalivyo, kwamba hutatoa orodha ya majina na simu za watu bila idhini yao, na kwamba hutahudhuria mkutano wa mauzo ukiwa umevaa kofia ya msikilizaji. Kuhusu orodha hizo usifanye mzaha: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zitumike kwa lengo hilo. Daftari lenye jina la mkulima, namba yake ya simu na idadi ya mikorosho yake ni mali nono kwa kangomba kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Kuhusu posho, ambayo wengi huiona aibu kuijadili, ushauri wangu ni kulipa nauli na chakula kwa kiwango kimoja kwa kila aliyeitwa, kutangaza kiwango hicho mapema, na kutolipa chochote kwa ajili ya maoni. Maoni yaliyonunuliwa hufanana na mnunuzi.

Mlango wa kuingilia, na watu wa kuwatafuta

Anza kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, kisha chama cha msingi cha ushirika, kisha afisa ugani. Utaratibu huo una sababu zake na ukiurukia utalipia baadaye. Lakini usidhani kwamba wale waliokupokea ndio wanaojua. Wanaokalia viti vya mbele mkutanoni mara nyingi wana mashine mpya na vibarua wa kuzibeba, na wanachokijua kuhusu mashine ni bei yake.

Unayemtafuta ni mtumiaji aliyesumbuliwa na tatizo mapema kuliko wenzake na ambaye, kwa kukosa msaada, amelitafutia dawa mwenyewe. Njia ya mkato ya kumpata ni kwenda kwa fundi. Kila kijiji chenye mikorosho mingi kina fundi wa pikipiki ambaye kuanzia Mei hugeuka kuwa daktari wa mashine za kupulizia, na chini ya mwembe wake utakuta historia ya kila kasoro: kamba za kuwashia zilizokatika mahali palepale, mifuniko ya tangi iliyopasuka upande uleule, plagi zilizojaa masizi. Kaa naye siku mbili, umsaidie kushika spana, kisha muulize ni nani humletea kazi za ajabu, yaani watu wanaotaka mashine ibadilishwe wakati haijaharibika. Kwa njia hiyo niliwafikia watu watatu walionifundisha zaidi ya semina zote: mzee aliyerefusha bomba la kutolea unga ili lifike kwenye vilele vya mikorosho mirefu iliyopandwa na wajomba zake, kijana aliyeweka kipande cha chandarua chakavu mdomoni mwa tangi ili kuchuja mabonge ya salfa, na mama mmoja wa Kitangari, ambaye nitamrejea baadaye kwa kuwa nilimkosea.

Kampuni ya matofali ya kuchezea ya LEGO, huko Denmark, ilifika kwenye jambo hili kwa kusukumwa. Mwaka 1998 ilipotoa roboti zake za Mindstorms, watumiaji waliichambua programu yake bila ruhusa na kuanza kuandika za kwao. Kampuni ikasita, kisha ikaruhusu, na toleo la 2006 likaandaliwa kwa kushauriana na watumiaji wachache hodari. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2005, ilianzisha mpango wa mabalozi, watu wazima wapenzi wa bidhaa hizo wanaobeba maneno ya wenzao kwenda kwa kampuni na kuyarudisha. Sisi tuliokulia kwenye mfumo wa balozi wa nyumba kumi tunaielewa siasa ya cheo hicho vizuri: balozi hufaa akiwa anaishi miongoni mwa watu anaowasemea, na huanza kuharibika siku anapopenda zaidi kuitwa ofisini.

Nenda wakati kazi inafanyika

Ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia maua na machipukizi ya mkorosho, hupamba moto katika miezi ya baridi ya katikati ya mwaka, na salfa ya unga hupulizwa alfajiri, majani yakiwa bado na umande na upepo ukiwa umetulia. Anayefika kijijini saa nne asubuhi atakuta mashine zimewekwa kivulini, watu wameoga, na atapewa majibu ya kivulini. Ukitaka kujua kinachotokea, lala kijijini, uamke saa kumi usiku, uibebe mashine mwenyewe mgongoni kwa safu mbili za mikorosho. Mtu asiyewahi kupumua vumbi la salfa ataandika ripoti kuhusu barakoa kwa lugha ya kutisha na isiyo na msaada. Aliyelipumua ataandika kwamba kitambaa cha barakoa hulowa jasho baada ya miti michache, watu wakaivua, na kwamba wanachohitaji ni kitu kinachoweza kufuliwa na kukauka haraka.

Kwa wakulima wa mwani wa mwambao wa Lindi, Kilwa na Mtwara, ambao wengi ni wanawake, saa ya kazi hupangwa na maji. Wakati wa bamvua, bahari inapokupwa sana, wanakuwa majini wakifunga mbegu kwenye kamba na kuvuna, na mkutano unaoitishwa siku hizo utahudhuriwa na wanaume wasiolima mwani. Ukitaka kuwaona wakifanya kazi, nenda bamvua. Ukitaka kuzungumza nao wakiwa wamekaa, ngoja maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi sana. Kampuni nyingi zinazonunua mwani huwapa wakulima kamba na vifaa vingine, na kamba hiyo ni bidhaa yenye watumiaji kama bidhaa nyingine yoyote, ingawa ni nadra mtu kuuliza kama inaumiza vidole.

Ongeza kwenye kalenda yako Ijumaa mchana, Ramadhani, likizo za unyago na jando, na wiki za minada, ambapo hata mtu mstaarabu kuliko wote hana muda wa kukusikiliza.

Kutafsiri

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wa kati wengi huharibu wakidhani wanasaidia.

Yule mama wa Kitangari aliniambia, "Mwanangu, mashine hii inanikataa." Nikamuuliza, "Inakukataaje, mama?" Akacheka, akasema, "Inanikataa tu, mpaka nimwite kijana." Nikaandika kwenye taarifa yangu kwamba watumiaji wanawake wanahitaji mafunzo ya kuwasha mashine, na kampuni, kwa nia njema kabisa, ikatuma mabango yenye picha za hatua za kuwasha. Msimu uliofuata nilimkuta na tatizo lilelile, na safari hii nikanyamaza nikatazama. Mashine ile ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 10 kabla ya kujazwa unga. Akiiwasha chini, hakuweza kuinyanyua na kuivaa ikiwa inanguruma. Akiivaa kwanza, mkono wake haukuifikia kamba ya kuwashia. Kuwasha alikujua vizuri sana. Alichokosa ni mtu wa pili, na mtu wa pili alikuwa kibarua wa kulipwa kila alfajiri. Nilikuwa nimechukua neno zito la mtumiaji, nikalimenya mpaka likawa neno jepesi la ofisini, na kampuni ikajibu neno langu badala ya lake.

Tangu hapo daftari langu lina safu tatu. Ya kwanza ni maneno ya mtu kama alivyoyasema, bila kusahihishwa, hata akisema mashine inakohoa, inanuna au inachagua mtu. Ya pili ni nilichokiona kwa macho. Ya tatu ni ninachodhani mimi, na hiyo naiandika kwa penseli. Taarifa inayokwenda kampuni ibebe safu zote tatu zikiwa zimetenganishwa, ili mhandisi anayesoma aweze kukataa dhana yangu bila kuyatupa maneno ya mkulima.

Upande wa pili, maneno ya kampuni nayo hayafiki kijijini yakiwa mazima. Chukua injini inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, ambayo kitabu chake kinasema uwiano ni 25 kwa 1. Kwenye meza ya ofisi maelezo hayo yametimia. Kijijini petroli hununuliwa kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, na oili humiminwa kwa kukadiria kwa macho. Ikipungua, injini inanoki katikati ya msimu, ikizidi, moshi unajaa na plagi inafunga masizi. Kumrudia mkulima na kumkaririsha uwiano hakumsaidii. Piga hesabu kwa chombo alichonacho: lita moja inahitaji mililita 40 za oili, kwa hiyo chupa ya lita moja na nusu inahitaji mililita 60. Kisha iombe kampuni kikombe kidogo chenye mstari mmoja tu kwenye mililita 60, kifungwe kwa kamba kwenye mfuniko wa tangi. Kikombe kama hicho ni cha bei ndogo mno, na kinaweza kuokoa injini nyingi kuliko semina ya siku tatu. Hata hivyo angalia kwanza kitabu cha mashine husika, kwa kuwa uwiano hutofautiana kati ya injini na injini.

Kuna maneno ambayo hupaswi kuyatafsiri wala kuyasambaza. Mtumiaji akikuambia amegundua kwamba kuchanganya dawa mbili kunaua wadudu haraka, ipelekee kampuni taarifa hiyo, na uwape pia wataalamu wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti kilicho nje kidogo ya mji wa Mtwara chenye uzoefu mrefu wa korosho. Usiipeleke kijiji cha pili. Viuatilifu husajiliwa na mamlaka husika kwa matumizi maalumu, na mshenga anayebeba mapishi ya sumu kutoka shamba hadi shamba ameacha kazi yake na kuanza nyingine.

Ndani ya kampuni pia kuna vijiji

Kosa la mgeni ni kudhani kampuni ni mtu mmoja. Mtu wa mauzo, ambaye ndiye atakayekupokea kwa bashasha, anataka sifa na picha. Malalamiko ya mfuniko unaopasuka yanamkera kwa sababu yeye amekwisha kuuza. Mhasibu anataka namba. Mtu wa karakana au mhandisi ndiye ambaye macho yake yatawaka ukimletea mfuniko wenyewe uliopasuka. Omba mapema kwamba taarifa yako ifike kwake bila kupitia meza ya mauzo, na ikishindikana, angalau nakala ifike. Beba vitu halisi kila unapoweza: kamba iliyokatika, kichujio cha chandarua, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ambacho watu hukifunga kwenye mikanda ya mabega ili isikate. Kitu hakibishaniwi kama maneno yanavyobishaniwa.

Lililo bora kuliko yote ni kumleta mhandisi mwenyewe alale kijijini usiku mmoja. Mpange kwa familia ambayo haitamchinjia kuku na kumkalisha kama mgeni rasmi, umwamshe alfajiri, umkabidhi kwa mtumiaji, kisha wewe usogee kando. Jukumu lako siku hiyo ni dogo: unatafsiri pale Kimakonde kinapochukua nafasi ya Kiswahili, na unamzuia mgeni asianze kufundisha.

Wazo ni la nani

Siku moja kampuni itavutiwa na kichujio cha yule kijana au bomba refu la yule mzee. Kabla hujatuma picha, kaa na mwenye wazo umweleze kwamba picha ikishasambaa hairudi, na kwamba kwa Tanzania Bara hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu juu ya alichokibuni, husajiliwa na BRELA, wakala wa Serikali wa usajili wa biashara, na hutolewa kwa kitu kipya, hivyo kukitangaza kabla ya kuomba kunaweza kuuharibu upya huo. Wengi watakuambia hawataki hataza, na kwa marekebisho madogo kama hayo pengine wana haki. Wanataka kutajwa, wanataka mashine moja, au wanataka vipuri vishuke bei. Andika wanachokitaka, wakisaini au kuweka dole gumba, na ukiwasilishe pamoja na wazo lenyewe katika karatasi moja. Kama wazo limekuzwa na kikundi, makubaliano yawe ya kikundi na yasomwe mbele ya mkutano wake. Niliwahi kushuhudia kampuni moja ikimzawadia mtu mmoja, kwa picha na makofi, kwa jambo ambalo nusu ya kitongoji walijua limeanzia kwa dada yake. Kikundi kile hakikukutana tena.

Rudisha jibu, hata likiwa la kukataa

Panga tarehe ya kurudi kabla hujaondoka, na urudi tarehe hiyo hata kama mkono ni mtupu. Watu wa kusini wamezoea kuulizwa: wameulizwa na miradi, vyuo, wizara na kampuni, na walio wengi hawakuwahi kuwaona tena waulizaji. Jibu la kukataa likiletwa na sababu yake hupokelewa vizuri kuliko unavyofikiri. Nilipowaeleza wakulima kwamba tangi halitapunguzwa ukubwa kwa kuwa umbo la plastiki yake linatengenezwa nje ya nchi na mabadiliko yangepandisha bei, mzee mmoja alisema, "Basi hilo tumelielewa, sasa tuzungumzie mikanda." Mazungumzo yakasogea.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuahidi kwa sauti ya kampuni. Mwaka mmoja niliambiwa kwa simu kwamba vipuri vingefika kabla ya upuliziaji kuanza, nikatangaza mkutanoni kana kwamba nimeviona. Vilifika maua yakiwa tayari yameungua. Kampuni iliomba radhi kwa barua. Mimi nilikuwa naishi palepale, na kwa msimu mzima watu walinisalimia kwa adabu na bila kuniambia lolote. Tangu hapo ninataja chanzo na tarehe: fulani wa kitengo fulani amesema siku fulani kwamba vitafika, mimi sijaviona. Sentensi hiyo ni ndefu na haina mvuto, lakini inabeba uzito wake yenyewe.

Kundi la simu husaidia kurudisha majibu kwa haraka, mradi ujumbe wa sauti upewe kipaumbele kuliko maandishi marefu, na mradi mjumbe mmoja katika kila kitongoji akubali kuwasikilizisha wasio na simu janja. Ubao wa matangazo wa chama cha msingi bado unasomwa.

Jirani na mtumiaji

Mtu wa kati atumwapo na kampuni ya gesi, kwa mfano kwenye vijiji vya karibu na Mnazi Bay, Madimba au Songo Songo, ajue kwamba kazi yake si hii ninayoieleza, hata kama cheo chake kinafanana. Pale wanakijiji ni majirani wa mradi zaidi kuliko watumiaji wa bidhaa, na wanachodai ni sehemu ya manufaa, ardhi na kauli. Wala maboresho ya kifaa si hoja yao. Waliokuwapo Mtwara kati ya Desemba 2012 na Mei 2013, upinzani dhidi ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam ulipofikia vurugu na vifo, wanajua kwamba swali la aina hiyo halijibiwi na afisa uhusiano mwenye vipeperushi. Ukitumwa kulijibu, uliza kwanza kama aliyekutuma ana mamlaka ya kubadili chochote.

Kuondoka katikati

Panga kuondoka kwako tangu msimu wa kwanza. Dalili kwamba umekaa mno ni pale mkulima anapokupigia simu wewe kwa jambo ambalo fundi wa kampuni angelijibu kwa dakika mbili, au pale kampuni inapokuuliza wewe wakulima wanasemaje wakati kuna kikundi chenye mwenyekiti, katibu na simu. Ukifurahia simu hizo, umekwisha kuwa lango, na lango huanza kutoza.

Kikundi cha watumiaji kiwe na watu wasiopungua watano waliochaguliwa na wenzao, mmoja wao akiwa fundi na wasiopungua wawili wakiwa wanawake wanaobeba mashine wenyewe. Msimu wa kwanza wewe unaongoza mkutano wao na kampuni. Wa pili unakaa nyuma ukiandika. Wa tatu unabaki nyumbani ukingoja kuitwa pakitokea mgogoro. Daftari la safu tatu litolewe nakala mbili, baada ya kila aliyetajwa humo kuulizwa kama jina lake libaki au lifutwe. Nakala moja iende kwa katibu wa kikundi, nyingine karakana, na kwenye ukurasa wa kwanza wa ile ya kijijini iandikwe namba ya simu ya mtu wa karakana, si ya ofisi ya mauzo.